Nafasi ya Mwisho Zizini

Nafasi ilikuwa moja na watu walikuwa wawili. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Wa kwanza alikuwa Deiby Luciano, kijana wa Azua kule Jamhuri ya Dominika, miaka ishirini na miwili, mrushaji wa akiba mwenye mkono ambao Mungu alipoutengeneza hakuwa na haraka. Wa pili alikuwa Grady Holcomb, Mmarekani wa miaka thelathini na minne. Mkono wake ulishapasuliwa na kushonwa mara mbili, lakini bado alijua kumdanganya mpigaji mwenye gongo mpaka ajione mjinga. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kambi ya besiboli ya Florida. Baada ya hapo timu inapanda ndege kwenda kufungua msimu wa ligi kuu, na anayeachwa anarudi ligi ndogo, kwenye mabasi ya usiku kucha na mikate mikavu.

Nieleze mambo yalivyokaa, maana watu hudhani anayerusha vizuri zaidi ndiye anayechukuliwa. Mkataba wa Deiby uliiruhusu klabu kumteremsha na kumpandisha itakavyo. Wa Holcomb haukuruhusu tena. Wakimteremsha, timu nyingine inamnyakua. Kwa hiyo wakilingana, anabaki Holcomb. Deiby akimzidi kidogo, bado anabaki Holcomb. Ilimpasa Deiby amzidi mpaka meneja aone aibu kumwacha.

Mimi kazi yangu ni kudaka zizini. Zizi ndiko wanakokaa warushaji wa akiba, nyuma ya uzio wa uwanja, wakitafuna mbegu za alizeti na kusengenyana mpaka simu ya ukutani ilie. Ikilia, kocha anataja jina, mwenye jina anasimama kupasha mkono moto, na mimi ndiye ninayemdakia. Ligi kuu sikuwahi kucheza hata siku moja. Lakini wengi walioicheza walipitia kwenye glavu yangu, na hilo nalisema mbele ya mtu yeyote bila haya.

Shida ya Deiby ilikuwa hii. Zizini alikuwa akirusha maili tisini na nane kwa saa, kiganja changu kinavimba. Akiingia uwanjani anarusha tisini na tatu, na mpira umenyooka kama reli. Mpira wa namna hiyo ligi kuu hupigwa ukaenda kuangukia maegesho ya magari.

Haskins, kocha wa warushaji, alinivuta pembeni.

"Eligio, kijana anaumaliza mchezo wake wote zizini. Nimemwambia mwenyewe, nimemwambia kwa mkalimani. Anaitikia ndiyo ndiyo, halafu anafanya yale yale. Wewe ni wa kwao. Ongea naye."

Sababu niliijua, maana hata mimi nililelewa hivyo. Kwetu Dominika mtoto mwenye mkono mzuri huchukuliwa na msaka vipaji, mtu wa mtaani anayemlisha na kumfundisha ili siku moja amuuze kwa klabu na yeye apate fungu lake. Siku watu wa klabu wakija na mashine zao za kupima kasi, watoto wanapanga mstari juani, kila mmoja anapewa mipira michache tu. Wa kwanza ukitoka mlegevu, mashine inashushwa, macho yanahamia kwa mwingine, na wewe unarudi kwenye shamba la ndizi. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hajui kitu kinachoitwa kupasha. Anajua kurusha. Ukichuchumaa mbele yake na glavu, yeye anaiona mashine.

Jumapili nilimleta nyumbani. Mke wangu Nurys alitupikia ndizi za kuponda, salami na jibini ya kukaanga, na nikangoja kijana ashibe kwanza.

"Ukiwa zizini unamrushia nani?" nikamuuliza.

"Wewe, mjomba."

"Mimi sikuajiri wala sikufukuzi. Sasa mbona unataka kuniua?"

"Muue tu, mwanangu," Nurys akasema kutoka jikoni. "Ana bima."

Deiby hakucheka. "Na wakinikuta nimelegea?"

"Nani akukute? Zizini nipo mimi na wavivu wanane wanaokula mbegu."

"Mjomba, nilipokuwa Azua alikuja mtu wa klabu kubwa. Nikarusha mitatu taratibu, nipate joto. Akaondoka. Hakungoja wa nne. Msaka vipaji wangu hakunisemesha siku nzima, na chakula cha jioni sikupewa. Leo we unaniambia nilegee?"

"Huyo mtu yuko hapa Florida?"

"Watu wale hawaondokagi, mjomba."

Nikamwongezea jibini.

Alhamisi tulikuwa na mechi ya mchana. Haskins aliniambia asubuhi kwamba meneja anataka kumwona Deiby mambo yakiwa magumu, na kama si leo basi tena. Nilikwenda zizini nikiwa nimeshaamua nitakalofanya.

Kipindi cha sita kati ya vile tisa simu ikalia. Haskins akataja jina la Luciano. Kijana akaruka kama ameumwa na siafu, akapanda kwenye kichuguu cha kurushia. Mimi nikavaa barakoa yangu, nikaenda mahali pangu, nikasimama wima.

Mdakaji akisimama, maana yake anataka mipira ya kubembeleza. Huwezi kumvurumishia mtu aliyesimama maili tisini na nane, labda uwe na kesi naye.

"Chuchumaa, mjomba."

"Rusha."

"Chuchumaa nifanye kazi."

"Magoti yananiuma."

"Jana hayakuuma."

"Jana hukuniuliza hali. Rusha, na taratibu, kama unamtupia bibi yako chungwa."

Benchi zima likaangua kicheko. Deiby akamgeukia Holcomb, ambaye Kihispania chake alikiokotea humo humo zizini, nusu yake matusi.

"Holcomb, mwambie mzee achuchumae."

Holcomb akatema maganda. "Mimi simo. Sijui bado kama huyu mzee ananisaidia au ananiharibia. Nina watoto watatu. Endeleeni tu."

Deiby akarusha mipira michache ya hasira, mimi nimesimama. Simu ikalia tena: akae. Akakaa akinipa mgongo. Kipindi cha saba simu ikalia: ainuke. Nikasimama wima kama mwanzo. Safari hii akauachia mmoja kwa nguvu zake zote. Niliudaka karibu na koo.

Nikavua barakoa, nikamfuata mpaka pale kichuguuni.

"Umemaliza?"

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Sikiliza, mtoto. Mkono una kiasi chake kwa siku. Ukinipa mimi chote, meneja atapata makombo. Kati yangu na yeye, nani anachagua?"

"Na nikiingia baridi nikapigwa?"

"Utarudi ligi ndogo, utasema Eligio ndiye aliyekuharibia, na mimi nitakubali mbele ya mama yako. Ukiingia mkono umekwisha utarudi huko huko, ila hutakuwa na wa kumlaumu."

Nikarudi mahali pangu, nikasimama. Akanyanyua mkono, akautupa mpira laini, ukaja ukielea. Akatupa mwingine. Wengine waliona kijana anapasha mkono. Mimi niliona zaidi, maana kwake kurusha mpira mlegevu mbele ya watu ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Lakini alirusha. Nimeona wanaume wakifanya mambo mengi ya ushujaa uwanjani, na lile la siku ile naliweka karibu na juu.

Kipindi cha nane tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Mrushaji wetu akababaika, vituo vyote vitatu vikajaa watu wao wakingoja kukimbilia pointi, na aliyetolewa ni mmoja tu kati ya watatu wanaomaliza kipindi. Simu ikalia. Haskins akasikiliza, akaniangalia.

"Sasa," akasema.

Nikachuchumaa. "Minne tu," nikamwambia Deiby.

Akarusha minne. Wa nne uliniacha kiganja kinawaka mpaka kesho yake. Geti likafunguliwa, akatoka mbio kuelekea katikati ya uwanja, na hakugeuka.

Kutoka zizini huoni sura, unaona mgongo na ubao wa kasi. Mpigaji wa kwanza alikuwa jitu la mkono wa kushoto, jina lake linajulikana mpaka kwa vinyozi. Mrusho wa kwanza, ubao ukasema tisini na nane. Jitu likachelewa. Wa pili likaugusa pembeni, ukaenda upotevuni. Wa tatu Deiby akampa ule wa polepole, kwa mkono ule ule na haraka ile ile ya bega, na jitu likazungusha gongo kabla mpira haujafika, goti likagusa ardhi. Mara ya tatu hiyo, likatoka. Holcomb akaacha kutafuna.

Mpigaji wa pili akaupiga juu, mrefu kwenda mbinguni na mfupi kwenda mbele. Mtu wetu akausubiri, akaudaka. Wale watatu wa vituoni wakabaki walipokuwa, kipindi kikaisha.

Meneja akamwacha aendelee kipindi cha tisa. Mpigaji wa kwanza akaupiga ukaruka uzio. Sikugeuka kuutazama, sauti ilitosha. Tukabaki mbele kwa pointi moja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana wengi nimewaona wakivunjika hapo hapo. Deiby aliomba mpira mpya, akaufuta kwenye suruali, akarusha. Tisini na nane. Watatu waliofuata hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, na mrusho wa mwisho ulikuwa na kasi ya ule wa kwanza. Mkono ulikuwa bado una kitu ndani. Niliukodolea ule ubao kama mtu anayetazama picha ya harusi ya mwanawe.

Holcomb akasimama, akajipangusa mikono.

"Sasa nimejua," akaniambia. "Umeniharibia." Kisha akanipa mkono, na aliubana hasa.

Siku ya mwisho ya kambi kuna mtu wa ofisini ambaye huingia chumba cha kubadilishia nguo na kugusa watu bega. Ukiguswa, unakwenda kwa meneja. Mara nyingi ni msiba, na asubuhi hiyo wanaume wazima wote huangalia viatu vyao. Aliguswa Holcomb. Hakukawia kutoka, akaanza kufunga begi. Deiby akawa anamwangalia.

"Usiniangalie kama maiti," Holcomb akamwambia. "Timu nyingine imeshapiga simu. Jumatatu niko kazini. We tunza huo mkono, umenipotezea nyumba nzuri."

Halafu akaguswa Deiby. Akafanya ishara ya msalaba.

"Mjomba, twende wote."

"Ameitwa mmoja. Nenda."

Nilikunja taulo ambazo hazikuwa kazi yangu kukunja. Nilipomaliza nikazikunjua, nikaanza upya. Mlango ukafunguliwa, kijana akaja moja kwa moja kwangu, uso hauna habari yoyote.

"Ameniuliza kama nina suti."

"Suti ya nini?"

"Ya kuvaa kwenye ndege ya timu."

Nikakaa chini. "Unayo?"

"Sina."

"Yangu ipo, ila mtaingia wewe na ndugu zako wawili. Tutanunua. Mpigie mama."

Tulitoka nje, akampigia Bi Mireya huko Azua, akaiweka simu kwa sauti.

"Mama, wamenichukua. Naenda ligi kuu."

"Nani kasema? Maana yule msaka vipaji wako keshaniambia hivyo mara ngapi."

"Meneja, mama. Kwa mdomo wake."

"Kakwambia kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Na we ukaelewa? Mpe simu huyo mjomba wako."

Nikaichukua simu. Nikajiweka sawa kama niko mbele ya askofu.

"Bi Mireya, mimi nimeelewa. Mwanao ni mrushaji wa ligi kuu. Nafasi ameipata mwenyewe, hakuna aliyemwonea huruma."

Tukasikia simu inawekwa juu ya meza, viti vinasukumwa, mlango unafunguliwa. Kisha tukaisikia sauti yake iko nje barabarani, inaita majirani kwa majina, nyumba kwa nyumba, ikizidi kwenda mbali. Hakukata simu, na sisi hatukukata. Tulisimama pale juani, vichwa vimegusana, tunasikiliza.