Miaka Ishirini ya Eliseo

Siku ya Marehemu Wote, Bi Fidelina alikuwa amepiga magoti makaburini, aking'oa magugu kwenye kaburi la mwanawe, kopo la rangi nyeupe na la nyeusi ubavuni, jirani yake Casilda alipomjia mbio.

"Yule mtu wa klabu ya besiboli ya Marekani amefika, dada. Anatoka jasho kama sufuria ya maharage."

"Mwambie anisubiri nyumbani."

"Hataki. Anataka kuliona kaburi."

Bi Fidelina akaacha kung'oa.

Alizaa wana wawili. Mdogo, Eliseo, homa ilimchukua akiwa na miaka kumi na miwili. Mkubwa, Arsenio, Mungu alimjalia mkono wa kurusha mpira, lakini alikuwa ametimiza ishirini bila klabu. Ndipo Tavito, dalali wa wachezaji, alipomwambia, "Mama, mkono wa miaka ishirini haununuliwi. Wa kumi na sita wataugombania." Akachukua cheti cha kuzaliwa cha Eliseo, akampa Arsenio. Kisha akaja na brashi, akafuta jina la Eliseo msalabani akaandika la Arsenio. Tangu hapo, mwaka wa nne sasa, Eliseo hajasomewa misa. Padre angemwombeaje pumziko mtu ambaye mji mzima unasikia yuko ng'ambo anacheza besiboli?

Kila Jumapili Casilda, mwalimu wa shule, alimsomea nambari kwenye simu. Mrushaji mzuri hufungwa pointi chache. Miaka ya mwanzo Arsenio alifungwa tatu kwa mchezo, wastani wa ligi ukiwa nne, na Bi Fidelina akawasha mshumaa wa shukrani. Mwaka huu wakampandisha ligi ya juu. Huko wenzake hufungwa nne na nusu, yeye tano na nusu.

"Wengi wa huko wana miaka ishirini na minne," Casilda alimweleza, bila kumtazama usoni. "Ikiwa wa kwetu ana ishirini, bado anakua, watamvumilia. Ikiwa ana ishirini na minne, basi, ndio mwisho wake."

Mgeni akafika, akavua kofia. "Pole mama, kwa siku kama hii."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Eliseo anafungwa kupita wastani. Mtoto wa miaka ishirini tutamngoja. Mtu mzima hatumngoji. Nasikia ulikuwa na wawili. Huyu hapa ni nani?"

Wanawake waliokuwa wakisugua makaburi ya jirani wakaacha kusugua. Bi Fidelina akatazama msalaba. Rangi ya Tavito ilikuwa imebabuka kwa mvua, na chini ya herufi ya kwanza ya Arsenio ilichungulia ile nyingine, ya zamani. Akaweka kiganja juu yake, kama mtu anayejishikiza asianguke.

"Arsenio," akasema. "Kifungua mimba wangu."

Mgeni akainua simu apige picha. "Toa mkono kidogo, mama, jina lionekane lote."

Rozari ilikuwa imemzunguka vidoleni. Akainama, akachukua shada la maua, akalitundika pale pale kiganja kilipokuwa, ndipo akatoa mkono. Picha ikapigwa, herufi moja tu ikiwa imefichwa na maua. Mgeni akashukuru, akaenda zake akikwepa matope.

"Mungu anaona, Fidelina," akasema kikongwe mmoja kwenye kaburi la pili.

"Na njaa pia anaiona," Casilda akamjibu kwa ukali.

Kabla jua halijatua Arsenio akapiga simu. "Mama, umemwambiaje?"

"Nimekuzika."

Arsenio akauliza, "Kasema lolote kuhusu mwaka ujao?"

Bi Fidelina akampa Casilda simu. Akaondoa shada, akafungua kopo jeusi, akachovya brashi, akaanza kukoleza jina la mwanawe aliye hai, herufi ya kwanza mara mbili.