Odile wa Matope

Mimi ndiye mtunga nyimbo za mtaa wetu, na naomba niseme mapema tusije tukagombana mbele: wimbo si uji, haugawiwi kwa kila mwenye bakuli. Msichana akimwangusha mtu wa maana uwanjani, akamlaza mgongo chini na watu wakaona, nitamtungia wimbo na mtaa mzima utauimba. Asipoangusha, ale wali wake alale. Mama yangu aliniachia kazi hii hivyo, nami sikuona sababu ya kuibadilisha.

Sasa Odile, binti wa kaka yangu, alikuwa kwenye msimu wake wa mwisho wa mieleka. Baada ya kuvuna mpunga angeolewa, na kwetu Kasamansi mwanamke akishaolewa hashikani tena na mtu uwanjani, anakaa pembeni kupiga makofi pamoja na sisi wengine. Alikuwa ameshindana tangu angali mtoto, na wimbo hana. Wadogo aliwaangusha, wakubwa wakamwangusha yeye. Alitaka jina lake liimbwe hata mara moja tu kabla hajaolewa, na mimi nilijua hivyo.

Msidhani alikuwa mvivu. Kila alfajiri, kabla hatujaenda kupandikiza, alishuka peke yake kwenye jaruba la mpunga la chini, lile lenye tope la kufika magotini, akatembea humo na mtungi wa maji kichwani. Tembo la mchikichi hakugusa, ngoma hakwenda. Wenzake wakamwita Sista. "Sista, umeshasali na kambare wako leo?" Yeye anacheka tu, ananawa miguu.

Ndipo Ernestine akarudi. Ni wa mtaa huu huu, alikuwa akisoma mjini Ziguinchor. Mrefu, ana mikono kama makasia. Mazoezi hayajui, anaamka jua likiwa limeshachoma. Akaingia kwenye mieleka midogo ya vijiji, akambwaga mbabe mmoja, akambwaga na mwingine, huku anacheka. Nikamtungia wimbo kabla wiki haijaisha. Ndiyo, nilimtungia. Alistahili, na wimbo wenyewe ulitoka mtamu mpaka watoto wakawa wanauimba kisimani.

Odile aliusikia akiwa anapepeta mchele uani kwangu. Akaweka ungo chini.

"Shangazi, huyu kaja lini?"

"Ameangusha."

"Na mimi ninayekula tope miaka yote hii?"

"Tope halitungiwi wimbo, binti yangu. Angusha mtu."

Alfajiri iliyofuata hakushuka jarubani. Wala ile nyingine. Alisema tumbo linamuuma. Tumbo lenyewe nilikuwa nalijua: wivu ulikuwa unamla, na hakuwa na pa kuutolea, maana wasichana wa mtaa mmoja hawashikani uwanjani. Angekuwa wa mtaa wa Esingay, wapinzani wetu, angemvaa Ernestine wakajuana siku hiyo hiyo. Nilimfuata chumbani, nikamvuta shuka.

"Haya, unaumwa nini?"

"Natamani avunjike mguu," akasema, macho ukutani. "Kila nikisikia ule wimbo natamani avunjike mguu. Nipige basi."

Sikumpiga. Nilimhurumia, ingawa mimi si mtu wa huruma za haraka.

"Tamani utakavyo," nikamwambia. "Mguu wake haukusikii. Unaolegea ni wako."

Kesho yake alishuka, uso umemvimba kwa kulia.

Haikupita muda, Ernestine akakutana na Nyima. Huyu Nyima ndiye mbabe wa Esingay, na ana ngwala yake ya mguu wa kushoto ambayo imewalaza wasichana wote wa pande hizi. Kwenye mieleka ya kijiji cha jirani alimlaza Ernestine kabla hata hatujapata pa kukaa vizuri. Na tamasha kubwa la mwisho wa mvua lilikuwa linakaribia.

Alfajiri moja Ernestine akaja mwenyewe jarubani, sketi ameikunja kiunoni.

"Dada Odile, nifundishe kusimama. Ile ngwala hata sikuona ilikotokea."

"Si una wimbo? Ukusimamishe huo."

Ernestine aliingia kwenye tope, akapiga hatua, akaanguka kifudifudi. Odile alinisimulia baadaye kwamba alifurahi, tena alifurahi sana. Ernestine akainuka, akatema tope, akaenda tena, akaanguka tena. Hakuondoka. Mwishowe Odile akatua mtungi wake.

"Usianze kwa kunyanyua kisigino," akamwambia. "Ndivyo unavyompa Nyima mguu wako."

Tangu hapo wakawa wanashuka wawili. Ilikuwa lazima mmoja ajifanye Nyima, na Odile ndiye aliyeweza, kwa sababu misimu yote hiyo alikuwa amekaa pembeni akimtazama yule binti. Alijua bega lake la kulia hushuka kidogo kabla mguu wa kushoto haujaja. Akawa anamtia Ernestine ngwala, Ernestine anaanguka, anainuka, mpaka akaacha kuanguka. Mimi nikashangaa.

"Unamnoa mwenzako akupite," nikamwambia. "Wivu umeisha?"

"Haujaisha, Shangazi. Naamka nao, nashuka nao jarubani. Ila huko naupa kazi."

Siku ya tamasha uwanja ulifurika. Kwetu mshindani hutembea mbele ya safu ya mtaa mwingine, akamnyoshea mkono anayemtaka, na kuukataa mkono ni kuuaibisha mtaa wako wote. Nyima akaja upande wetu, mafuta ya mawese yanang'aa mabegani. Tulijua anamfuata Ernestine. Akafika kwake, akamtazama, na nadhani alikuwa amesikia habari za jarubani, kwa maana alimpita. Mkono akamnyoshea Odile.

Esingay wakaangua kicheko. "Mchukue Sista, umrudishe misheni!"

Odile akamwangalia Ernestine kidogo tu, akaushika ule mkono.

Wakakamatana. Bega la Nyima likashuka, mguu ukaja, ukakuta hewa. Ukaja tena, ukakuta mguu wa Odile umejichimbia ardhini. Ngoma ya gogo ikaongeza kasi. Nyima akasukuma, akavuta, akazunguka, jasho likamchuruzika machoni, na kicheko cha Esingay kikafa.

"We dada, umeota mizizi?" nikamsikia Nyima akihema.

Walikaa hivyo mpaka mzee mwamuzi akapitisha fimbo yake katikati yao akawatenganisha. Hakuna aliyeanguka. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kushikana na Nyima akabaki wima. Nyima mwenyewe akampiga begani, akaenda zake.

Wanawake wa mtaa wakanigeukia. Mimi nikafumba mdomo. Hakuangusha, na taratibu ni taratibu. Odile naye alikuwa anazijua, kwa hiyo alirudi polepole akiangalia miguu yake, upande wangu hatazami kabisa.

Hapo Ernestine akaanza kuimba. Wimbo wake mwenyewe, ule niliomtungia, akachomeka jina la Odile mahali pa jina lake. Jina likawa fupi, sauti ikabaki inaning'inia, akaijaza na alichonacho: "Odile wa matope." Akaniharibia mizani yote. Nilitaka kumkatiza. Alipofika mstari wa pili akakwama, maana ule unasifu mikono mirefu, na Odile hana. Akanitazama, machozi yamemlengalenga, kinywa wazi.

Nikasonya. Kisha nikasimama, nikaushika mstari wa pili, nikasema miguu badala ya mikono, na wa tatu nikautunga palepale, mtaa mzima ukaitikia.

Odile aliposikia sauti yangu akasimama katikati ya uwanja. Nyima alihangaika muda wote ule kumkalisha chini asiweze. Sasa akakaa mwenyewe, hapo hapo mchangani, akalia.