Kuhe wa Bangwe na Kokoro la Maendeleo

Zefania, karani wa bandari ya Kigoma, alikuwa na ibada mbili kila Jumapili: misa, kisha ndoana. Akitoka kanisani alishuka ufukweni Bangwe na wenzake wawili, Pastory dresa wa zahanati na Kalisti fundi cherehani. Walikaa kwenye jiwe lao, wakatupa nyuzi ziwani na kubishana mpaka jua lizame. Samaki hawakuwapata sana. Siwema, mke wa Zefania, alikuwa na desturi ya kununua dagaa mapema, mumewe angali kanisani, ili asimvunje moyo.

Lakini heshima walikuwa nayo, tusiwanyime. Kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, akiwa analea watoto hawakumgusa. Kuhe wa namna hiyo ana hasira, hung'ata chochote kinachomsogelea, hata ndoana tupu, na kumvua wakati huo ni sawa na kumwibia mfiwa. Mwaka ule kuhe wawili, dume na jike, walichimba kiota mchangani chini ya jiwe lao, wakazungukwa na watoto wadogo kama punje za uwele. Maji yalikuwa meupe, ungewaona bila shida. Zefania aliwapenda mno. Akifika aliwaamkia kwanza, na Kalisti alimwambia kwamba laiti angemwamkia hivyo Siwema, nyumba yake ingekuwa na amani zaidi.

Basi serikali, kwa huruma zake, ikaleta kokoro. Lo, kokoro gani hilo! Wavu wa nailoni wa kuzungushia ghuba nzima, maboya juu, risasi za kulizamisha chini, matundu ambayo hata mbu angepita kwa kubembeleza. Lilikopeshwa kijiji kipya cha ujamaa kilichoanzishwa hapo pwani, kijiji cha wakulima walioteremshwa kwa lori kutoka upande wa Kidahwe. Hao walikuwa watu wa maharage na mihogo. Ziwa walikuwa wakiliona kwa mbali na hawakuwa na ugomvi nalo. Walipoambiwa wavue, waliitika, "Ego." Wangeambiwa waruke angani wangeuliza tu mabawa yanagawiwa wapi.

Kwenye mkutano wa kijiji Zefania alisimama. "Ndugu Katibu, kokoro linakwangua chini. Linazoa mayai, linazoa watoto, linazoa na wazazi wao. Baada ya muda mfupi mtavuta mchanga."

Telesphory, katibu wa tawi, kijana aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino, alitabasamu. "Ndugu Zefania, wewe unavua ili ule au uuze?"

"Navua kwa kujifurahisha."

Watu waliguna. Telesphory hakuwa na haja ya kuongeza neno, lakini aliongeza, maana ndiyo kazi iliyompa mkate. "Mmemsikia wenyewe. Ndoana ni ubinafsi: mtu mmoja, uzi mmoja, samaki mmoja. Kokoro ni ujamaa: kijiji kizima, kamba moja. Wenzetu wanajenga taifa, yeye anajifurahisha. Huo ni ubwanyenye wa kukaa juu ya jiwe."

Makofi yakapigwa. Zefania aliketi, masikio yanamwaka. Ubwanyenye, naye suruali yake ina viraka viwili! Hilo lilimchoma, lakini lililomnyima usingizi ni wale kuhe, kwa kuwa wavu ulipangwa kuzinduliwa Jumamosi mbele ya mgeni rasmi, na mahali palipochaguliwa ni palepale kwenye jiwe lao.

Pastory ndiye aliyepata mpango. Pastory alijua sana matumbo ya watu, na kuhusu nyavu hakujua lolote. "Likifika kwetu tunaingia majini," alisema, "tunaikanyaga kamba ya chini kwa uzito wetu wote. Litakwama. Mgeni atachoka kusubiri, ataondoka, na aibu itawabaki wao." Zefania na Kalisti waliona ni mpango wa akili.

Jumamosi ikafika, na mgeni rasmi akawasili na gari lake na mwavuli wake. Wakulima walivuta kamba kama wanavyong'oa visiki, upande huu mbio, upande ule polepole. Risasi zikawa zinaelea bila kugusa mchanga, na samaki wakawa wanapita chini ya wavu wakienda zao. Mzee Dunia, mvuvi wa asili ya Kongo aliyekuja kucheka tu, alikuwa ameshaanza kucheka. Zefania na wenzake hawakuliona hilo. Waliona wavu unakaribia jiwe, wakajitosa na nguo zao mpaka kifuani, wakaikanyaga kamba ya chini, wakaigandamiza mchangani kwa visigino.

Mzee Dunia akaacha kucheka. "Hao ndio wanaojua!" alipaza sauti. "Kokoro bila wakanyagaji si kokoro. Kaeni hapohapo, msinyanyue mguu, samaki wasipenye!"

Zefania alisikia kila neno. Wakati huohuo alihisi kitu kizito kinamgonga muundi, kinarudi, kinamgonga tena, kwa hasira. Alimjua. Akanyanyua mguu, lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshavuta, na wavu ukamzoa yeye na kuhe wake, ukawabwaga mchangani pamoja. Alitaka kulia, na angelia kama mgeni rasmi asingekuwa anapiga makofi.

"Mkanyagaji hupewa samaki wa kwanza," Mzee Dunia alimweleza mgeni. "Ndiyo desturi yetu."

Mgeni mwenyewe aliinama, akamchukua yule dume na kumweka mikononi mwa Zefania. Midomo ya samaki huyo ilikuwa bado inafunguka na kufungika. Jike alipewa Pastory, ambaye hakuweza kumtazama mtu usoni. Kando ya wavu wale watoto walikuwa wamelala mchangani wamekauka, na kuku mmoja alikuwa ameshawagundua.

"Hata wazee wa ndoana wamejiunga!" Telesphory alitangaza. "Ndugu Zefania, sema neno."

Zefania alikuwa nalo neno. Alikuwa nalo tangu ule mkutano, kali, limenolewa. Akautazama mwavuli, akazitazama zile kalamu, akakumbuka kwamba bandari ni ya serikali.

"Asante, Ndugu Katibu," alisema.

Siwema alimpika kuhe kwa mawese, akamletea na ugali wa muhogo. "Miaka yote ya ndoana," alisema, "hujaniletea samaki kama huyu." Zefania aliitazama sahani. Alikusudia kutomgusa. Alimega kidogo kwa ajili ya heshima, na kilichomuuma ni kwamba alikuwa mtamu.

"Jumamosi ijayo mnavuta tena?" Siwema aliuliza.

Zefania alitoa mwiba mdomoni. "Hakuna cha kuvuta tena pale," alisema, akasogeza sahani aongezewe mchuzi.