Mita Mia Nane za Barabara ya Stesheni

Barua ya halmashauri ilimkuta Simangele kwenye cherehani, pini nne zimebanwa midomoni. Mlinzi wa lango la kiwanda ndiye aliyemletea. Aliiweka juu ya rundo la ovaroli, kisha akasimama palepale asiondoke, maana kila mtu katika kiwanda kile alikuwa akiisubiri barua hiyo.

Simangele alitema pini kiganjani akasoma. Halmashauri imepokea ombi lenye sahihi elfu moja na mia mbili. Halmashauri inakiri kwamba njia ya baiskeli ya Barabara ya Stesheni imezibwa. Kwa hiyo inakusudia kuwaondoa wachuuzi wote waliopanga meza juu ya njia hiyo, baada ya mkutano wa hadhara wa Alhamisi.

Alirudia kusoma akilitafuta neno malori. Halikuwamo.

"Wamekubali?" mlinzi aliuliza.

"Wamekubali kitu ambacho hatukukiomba."

Njia ile ilijengwa zamani, enzi za babu zao waliokuwa wakitoka mtaa wa Emthunzini alfajiri kwa baiskeli, mamia kwa mamia, kwenda viwandani. Ilikuwa pembeni ya barabara kuu, imetengwa kwa ukingo wa mawe, na mtu aliweza kuendesha huku anasinzia. Miaka sita iliyopita kampuni moja ya usafirishaji ilifungua yadi katikati ya barabara hiyo. Tangu hapo matela yake yakawa yanasubiri zamu ya kupakia juu ya njia ya baiskeli, moja nyuma ya jingine. Mwenye baiskeli hana budi kuingia barabara kuu, katikati ya magari.

Mwezi wa nne, Velaphi Tshuma alilizunguka tela moja, akakutana na basi dogo. Velaphi alikuwa mkata vitambaa, ameketi upande wa pili wa meza ya Simangele kwa miaka kumi na mmoja. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Kesho yake Simangele, ambaye hata kanisani hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda, alinunua daftari la shule akaanza kukusanya sahihi langoni. Alihesabu baiskeli kwa chaki ukutani: mia sita na kumi na mbili kabla ya saa moja asubuhi. Alifanya hivyo miezi mitatu.

Ni kweli kwamba wachuuzi nao walikuwa juu ya njia, meza kumi na moja, lakini ukifika kwao ulipinda usukani kidogo, ukaomba radhi, ukapita. Na meza ya tatu ilikuwa ya Nobuhle, wifi yake.

Jioni ile Nobuhle aliingia jikoni kwa Simangele moja kwa moja.

"Leo sipigi hodi," alisema. "Mtu anayenifukuza mezani kwangu simpigii hodi."

Mkononi alikuwa na nakala ya barua ileile. Ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, naye akaing'oa. Simangele aliacha mwiko ndani ya chungu cha isitshwala, ugali wa kwao, akavuta kigoda.

"Kaa kwanza, wifi."

"Nikae wapi, nawe umeshaanza kuwaondoa watu walipokaa? Hebu soma hapa. 'Kufuatia ombi la Bibi Simangele Nkiwane.' Nkiwane ni jina la baba yangu. Umeolewa nalo, sasa unanifukuzia."

"Sikuomba muondolewe. Niliomba malori."

"Mbona hawakuandika malori?"

"Sijui."

"Unajua. Mwenye malori ana simu ya diwani. Mimi nina simu ya muuza nyanya." Nobuhle aliikunja karatasi. "Kesho kuna mkutano. Hayo ya malori ukayaseme huko, mbele ya watu. Hapa jikoni hata mimi ni hodari."

Simangele alimpakulia chakula na maziwa ya mgando. Nobuhle alikitazama, akaaga, akaondoka. Katika miaka kumi na saba tangu Simangele aolewe kwa kina Nkiwane, hata mume alipokwenda Johannesburg wakabaki wanawake wawili wanavumiliana, haikuwahi kutokea mmoja wao akatae sahani ya mwenzake.

Ukumbi ulijaa Alhamisi. Wachuuzi walikaa kushoto, watu wa baiskeli kulia, wengine bado wamebana suruali kwa vibanio vya nguo. Mbele aliketi Diwani Gasela, mtu wa tabasamu la haraka, na mbele yake faili la kijani.

"Mliomba, tumesikia," alisema. "Tusiposikia mnalalamika. Tukisikia, mnalalamika. Sasa mimi nataka jambo dogo tu. MaDlodlo aje hapa asaini kwamba ombi lake limetekelezwa, na Jumatatu njia isafishwe. Asiposaini, wachuuzi wabaki, kila kitu kibaki kama kilivyo, na faili hili nalifunga leo."

Watu wote waligeuka kumtazama Simangele, maana MaDlodlo, binti wa kina Dlodlo, ndiye yeye. Kalamu ilikuwa tayari juu ya faili. Mthandeni, mchomeleaji vyuma aliyezunguka naye kukusanya sahihi tangu siku ya kwanza, alimwinamia sikioni.

"Saini, dada. Tukipata nusu leo, nusu nyingine tutaidai."

Halikuwa neno la kijinga, na hilo ndilo lililomtesa. Alisimama. Alipokwenda mbele alisikia viatu vyake mwenyewe sakafuni. Upande wa kushoto Nobuhle alikuwa amekumbatia mkoba, hamtazami. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Velaphi aliegemea magongo yake mawili. Hakuna aliyemwambia aje.

Simangele hakuigusa kalamu.

"Mheshimiwa," alisema, "kaka Velaphi yule pale. Aligongwa akilikwepa tela. Hakugongwa na meza ya nyanya."

Kicheko kilizuka pande zote mbili, kikazimika haraka. Diwani hakucheka.

"Malori ya mizigo ni suala la wizara, mama. Sisi hatuna mamlaka nayo."

"Kwani yameegeshwa wizarani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Diwani akaifunika kalamu, akalifunga faili, akaliweka kwapani. "Mkutano umekwisha," alisema.

Nje, watu wa baiskeli walimzunguka. Walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Miezi mitatu," Mthandeni alisema. "Miezi mitatu ya watu wote hawa umeichana, kwa sababu meza moja ni ya wifi yako."

"Si hivyo."

"Ingekuwa si ya wifi yako, ungesaini?"

Simangele alijiuliza swali hilohilo. Hakujua. Mthandeni alitikisa kichwa, akapanda baiskeli yake, na wengine wakamfuata wawiliwawili mpaka akabaki na Velaphi peke yake.

"Kesho utapita wapi?" Velaphi aliuliza.

"Kwenye njia."

"Kutakuwa na tela."

"Najua."

Velaphi alimtazama, akahamisha gongo moja. "Usije ukafanya upuuzi, MaDlodlo. Mimi nimeshakutangulia, na huku hakuna kitu."

Ijumaa kulikuwa na baridi kali ya Julai, ile ya kuuma masikio. Saa kumi na mbili kasoro robo Simangele alikuwa ameshaupita ukuta wa reli. Alipita mbele ya meza za wachuuzi, Nobuhle akajifanya anapanga vitunguu. Mita mia moja mbele yake lango la yadi lilikuwa wazi, na tela la kwanza la siku lilikuwa linatoka kinyumenyume, linaingia juu ya njia kama kila siku.

Aliendesha mpaka nyuma yake. Akashuka, akailaza baiskeli kukata njia, akasimama mbele ya baiskeli akiliangalia tela.

Alikuwa amepanga kila kitu usiku kucha. Dereva atamwona kwenye kioo, atasimama, watagombana, watu watafika. Likibaki hatua tano bila kusimama, atakaa pembeni. Hakupanga umande. Vioo vyote viwili vilikuwa vyeupe. Utingo, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma na kuongoza, alikuwa amevuka barabara kununua chai.

Taa nyekundu zilisogea. Simangele alipiga kelele, sauti ikamezwa na injini. Hatua kumi. Hatua saba. Alihesabu mwenyewe, kwa utulivu wa ajabu, kama anayehesabu mishono. Hatua tano. Akaiambia miguu yake itoke, na miguu haikutoka. Haukuwa ushujaa, baadaye alimwapia kila aliyemuuliza. Ilikuwa hofu tupu. Ilimkamata magotini ikamgandisha palepale, macho yamemtoka, ananusa moshi na mpira.

Ndipo akasikia bati. Mtu alikuwa anakimbia ubavuni mwa tela, analipiga kwa ndoo ya chuma, mapigo ya haraka yasiyo na mpangilio, na vitunguu vinaruka kutoka ndani ya ndoo hiyo kila inapopiga.

"Simama! Kuna mtu! Kuna mtu nyuma!"

Breki zilipiga mluzi. Tela liliyumba, likakaa. Lilimgusa Simangele kifuani, polepole, kama mkono wa mtu anayekusogeza kwenye foleni, akaangukia matako juu ya baiskeli yake. Gurudumu la mbele lilikunjika chini yake.

Nobuhle aliitupa ndoo. Alimshika Simangele mabega, akampapasa mikono, mbavu, miguu yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Alipohakikisha vyote vipo, alimzaba kofi la bega.

Dereva aliteremka, mwanamume wa makamo, kofia ya sufu imemwenda upande.

"Mama, ulitaka niende jela? Nina watoto."

"Na mimi pia," Simangele alisema kutoka pale chini.

"Unadhani napenda kuegesha hapa? Naambiwa egesha hapa. Lango la nyuma lipo, pana kuliko hili, lakini limefungwa kwa kufuli. Wanasema likifunguliwa itabidi waajiri mlinzi wa pili."

Simangele na Nobuhle walitazamana. Hakuna mtu Emthunzini aliyekuwa anajua kuhusu lango la nyuma.

Wenye baiskeli wa kwanza walikuwa wameshafika. Mthandeni alikuwa mbele. Aliliangalia tela, akaliangalia gurudumu lililokunjika, akamwangalia Simangele akiwa amekaa chini. Kisha akashuka na kuilaza baiskeli yake kando ya ile ya Simangele. Hakuomba msamaha, wala Simangele hakuutaka. Wa pili akailaza yake, na wa tatu, na waliofuata hawakuuliza. Kufikia saa kumi na mbili na nusu njia na nusu ya barabara vilikuwa vimefunikwa kwa vyuma, na wachuuzi walikuwa wameburuta makreti yao wakayapanga mbele ya lango la yadi. Matela manne yalinasa ndani.

Saa moja ving'ora vya viwanda vililia kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyeondoka.

Walikuja polisi wawili. "Tawanyikeni," alisema mkubwa wao.

"Tunakwenda kazini, afande," Mthandeni alijibu. "Njia ndiyo imezibwa."

Polisi yule alizitazama baiskeli zaidi ya mia tatu, akamtazama mwenzake, akarudi garini kupiga simu. Saa mbili alifika meneja wa kiwanda cha ovaroli, akifoka kwamba mashine mia moja na arobaini zimelala. Aliwafokea wafanyakazi kwanza. Walipomwonyesha alipoangukia Simangele, akaenda kumfokea mtu mwingine kwenye simu. Muda si mrefu wakaja mameneja wengine watatu, kila mmoja na simu yake sikioni. Saa tatu na robo ndipo gari la halmashauri lilipofika, likiwa na mhandisi wa jiji na Diwani Gasela, tabasamu lake limebaki nyumbani.

"Andikeni barua," diwani alisema, "tutaitazama."

"Tumeshaandika," Simangele alisema. Alikuwa amesimama sasa, vumbi limemjaa kwenye sketi. "Leo andikeni nyinyi. Lango la nyuma lifunguliwe. Nguzo za zege ziwekwe ukingoni, tela lisipande tena."

"Na meza zetu," Nobuhle aliongeza, "muandike humohumo. Karatasi ileile. Tunazisogeza mpaka kwenye ukuta ulio nyuma yetu, lakini hatuondoki."

Mhandisi alikuwa kijana mpole, na utepe wa kupimia. Alipima upana kutoka ukutani mpaka ukingoni, akapima tena, akasema nafasi inatosha wote wakikaa kwa adabu. Waliandika juu ya kreti la kabichi. Diwani alisaini wa mwisho.

Nguzo zilichukua miezi minne, na ziliishia kwenye makutano ya reli. Ni mita mia nane tu; kutoka hapo mpaka Emthunzini njia ni mashimo kama zamani, na faili la sehemu hiyo bado linazunguka ofisini. Simangele alipewa barua ya onyo kazini. Velaphi aliajiriwa kuwa mlinzi wa lango la nyuma la yadi, kazi ya kukaa, na hapendi kuulizwa anaionaje. Nobuhle, kila akiulizwa kwa nini alikimbia na ndoo, hujibu kwamba hakuona mtu mwingine ambaye angempigia kaka yake simu kule Johannesburg kumpa habari ya msiba, na yeye hakuwa na salio.

Asubuhi ya kwanza ya nguzo hizo, Simangele alikuwa anaendesha taratibu, anazigusa kwa macho moja moja, mwanamke asiyemjua akampita kwa kasi, kikapu kimefungwa nyuma.

"Wamezibana sana hizi," mwanamke yule alisema bila kugeuka. "Sijui nani aliwashauri."

"Kweli, dada," Simangele alisema, akaongeza mwendo ili amsikie vizuri. "Ungeziweka wapi wewe?"