Karakana Iliyotandikwa Kitanda

Mimi shemeji yangu simtaki nyumbani kwangu, na nikisema simtaki msinibembeleze. Ni mdogo wa mume wangu. Mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu habari zote hupita kwake, ila hushika nusu ya matangazo tu. Nusu nyingine anajaza mwenyewe.

Mume wangu ni seremala. Watu wanamwita Fundi, nami nishazoea kumwita hivyo hivyo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Tulipohamia hapa hapakuwa na barabara, majani yalifika kiunoni, na hakuna aliyelalamikia kelele za msumeno maana hata wa kulalamika hakuwapo. Kisha mji ukatukuta. Zikaja nyumba za mageti, wakaja watu wenye usingizi mwepesi, halafu halmashauri ikachora ramani mpya: sokoni biashara, kule bondeni karakana na viwanda, na sisi huku, makazi.

Siku moja Redio akaingia anahema, hata salamu hakutoa.

"Kaka, kesho maafisa wa mipango miji wanapita! Karakana yoyote watakayoikuta huku kwenye makazi, wanaifunga!"

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe pika. Haya mambo ya ofisi."

Nilitaka kumjibu. Lakini nikamwona Fundi ameshika ukingo wa meza yake ya kazi kwa mikono miwili, nikaacha ugomvi. Huyu mtu hajui kazi nyingine. Wanetu wamekula na kusoma kwa chumba kile, na kitinda mimba wetu alikuwa bado chuoni. Huko bondeni hatuna kiwanja wala ndoto ya kiwanja.

Basi tukaficha. Mashine ya randa tukaisukumia jikoni, mbao tukazifunika turubai uani, na msumeno wa umeme ukaingia chooni. Jamani, chooni! Tukafagia unga wa mbao mpaka ikatokea rangi ya sakafu niliyokuwa nimeshaisahau. Kulikuwa na kitanda cha mteja, cha maharusi, Fundi amekichonga maua kichwani. Redio akasema tukitandike. Nikatoa shuka zangu za wageni, nikatundika na pazia. Chumba kikapendeza, siwezi kukana. Fundi akajitupa juu ya kitanda, akasema, "Leo nami bwana harusi," nikampiga na mto. Tulicheka siku ile.

Asubuhi akaja afisa, binti mpole, viatu vimejaa vumbi. Akatuamkia vizuri, akachungulia ndani.

"Baba, si hapa penye karakana ya seremala? Nimeambiwa yupo wa siku nyingi."

"Hapana, mwanangu," akasema Fundi, mtu ambaye akizidishiwa chenji hurudi dukani mbio. "Hapa tunalala."

"Hakuna kazi inayofanyika kabisa? Hebu fikiri vizuri, baba."

"Aliacha zamani!" akadakia Redio. "Mgongo, unajua tena."

Yule binti akasikitika. Mimi nikadhani anasikitikia mgongo. Akapiga picha kitanda, akapiga pazia, Fundi akatia sahihi fomu kwamba hapa hakuna karakana, kisha afisa akavuka kwenda kwa jirani yetu mchomeleaji vyuma. Yule hakuficha kitu, na wala si ujasiri, ni uvivu tu. Alikuwa anachomelea geti, cheche zinaruka hadi barabarani. Tukamwona afisa anambandikia karatasi mlangoni.

"Kwisha habari yake," akanong'ona Redio.

Jioni jirani akaja anacheka, anauliza yetu tumebandika wapi. Kumbe ile karatasi ilikuwa ruhusa! Karakana iliyotangulia ramani inaachwa iendelee, mradi kazi haijasimama. Iliyokwisha kusimama haifunguliwi tena. Hiyo ndiyo nusu ambayo Redio hakuishika. Sikumbuki nilimwambia nini. Kiatu nilichomrushia nakikumbuka.

Kesho yake tukawa ofisini. Yule binti alitusikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga. "Nilikuuliza mara mbili, baba," akasema, akatupeleka kwa mkubwa wake.

Fundi akamwekea yule bwana viganja vyake juu ya meza, na sugu zake, na kidole kilicholiwa ncha na msumeno. "Mikono hii inaonekana imeacha kazi?"

Bwana yule akatugeuzia kompyuta. Kitanda chetu hicho, kimenyooka, na maua yake.

"Mzee, ama ulidanganya jana, ama unadanganya leo."

"Jana," akasema Fundi. "Jana nilidanganya."

"Basi nenda nyumbani kabla sijaandika hilo. Karakana yako ilishafungwa, na uliyeifunga ni wewe."

Tulikata rufaa. Majibu yalikuwa yale yale, tofauti ni viti tulivyokalia tu. Mwenye kitanda akachukua kitanda chake. Mashine zikauzwa mtoto amalize chuo. Chumba tukampangisha mwalimu, na aliyemleta ni Redio, anatutazama kama anayengoja ahsante. Aka!

Juzi mwalimu akaniambia, "Mama, mlango wangu unakwama chini. Si Fundi yupo?"

Fundi akatoa randa ya mkono uvunguni mwa kitanda chetu. Uso ulimchangamka, nikafurahi. Akaung'oa mlango kwenye bawaba, akaulaza barazani juu ya viti viwili, akapitisha randa mara moja. Mara geti la jirani mmoja likafunguka, gari linatoka. Fundi akasimamisha mkono. Akatazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Kisha akaubeba mlango peke yake hadi jikoni.

"Funga dirisha," akaniambia. "Halafu imba kidogo, mama watoto, wasisikie."

Mimi sauti sina, na anajua. Nikaimba. Nje mchomeleaji alikuwa anagonga vyuma vyake mtaa mzima unasikia, na mume wangu ameinama kwenye jiko langu, anaranda mlango wa nyumba yake polepole kama mwizi. Alipomaliza nikayazoa maranda yote, nikayatia motoni asije mtu akayaona. Fundi hakutoka. Alisimama pale mpaka yakaisha kuungua.