Mwashi wa Ghorofa ya Tatu

Jumanne saa nane mchana, fundi redio alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, amplifaya ameikumbatia kifuani na nyaya zimemning'inia shingoni. Alikuwa akienda kwa mkaguzi wa majengo, mstaafu wa mwaka mmoja, mwenye masanduku manne ya santuri na mke muuguzi. Mke alifanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana, na alikuwa ameshasema kwamba siku atakayoamshwa na tarumbeta, mtu na tarumbeta lake watahamia kibarazani. Ndiyo maana mkaguzi akanunua hedifoni.

Fundi aliweka mashine ya santuri juu ya kabati dogo, mbali na mlango, ili hatua za wapitaji zisirushe sindano. Kiti alikisogeza kwenye nguzo iliyosimama katikati ya sebule. Ilikuwa nguzo nene, ya kukera macho, lakini ndiyo iliyobeba ghorofa sita za juu, kwa hiyo watu waliizoea.

Walipowasha, hedifoni zikavuma. Fundi akabadilisha nyaya, akageuza plagi. Mvumo ukabaki palepale.

"Mzee, jengo hili halina waya wa ardhini," akasema. "Soketi zina matundu matatu, lakini hili la tatu ni urembo tu."

Mkaguzi akakohoa. Cheti cha jengo alikitia sahihi yeye, na kampuni iliyojenga ilimshukuru kwa kumpa nyumba hii. "Tafuta njia nyingine," akasema.

Njia nyingine ilikuwa nguzo. Karibu na sakafu, ncha ya nondo ilikuwa imechungulia nje ya plasta, urefu wa kidole gumba. Fundi akaikwangua kutu, akaifunga waya wa amplifaya, akaukaza kwa koleo. Mvumo ukakatika kabisa. Fundi akasikiliza kidogo, kisha akavua hedifoni.

"Sauti safi sana. Ila kuna mtu anapumua."

"Upande wa kushoto au wa kulia?"

"Katikati, mzee. Yumo kwenye nguzo."

Mkaguzi akamshukuru na kumsindikiza hadi mlangoni.

Aliyekuwamo kwenye nguzo alikuwa mwashi, mtu mstaarabu. Hakuwahi kusema wimbo ukiwa unapigwa. Alingoja sindano ifike mwisho, kisha akapiga chafya kidogo na kuanza. Alieleza kwamba aliteleza akaanguka ndani ya mbao za nguzo asubuhi ya Alhamisi, zege likimiminwa. Alimsikia msimamizi akisema pampu isizimwe, zege litagandia bombani. Haikuzimwa.

"Nikajipa moyo," mwashi akasema. "Nikasema kesho mkaguzi anakuja. Mkaguzi hugonga nguzo kwa nyundo, moja baada ya nyingine, na hii yangu lazima italia tofauti. Basi namngoja. Hujasikia atakuja lini, kaka?"

Mkaguzi aliikumbuka vizuri ile Ijumaa. Mvua ilinyesha, viatu vyake vilikuwa vipya, na nguzo arobaini na nane alizikagua kwa kalamu, mezani kwake, kabla ya chakula cha mchana. Nyundo ya ukaguzi haikutoka kwenye droo. Siku hizi mkewe huitumia kupigilia misumari ya mapazia.

"Sijasikia," akajibu, mdomo karibu na plasta. Aliona aibu, akaweka santuri nyingine.

Mkewe alipoamka alizivaa hedifoni, akahesabu pumzi kwa kutazama saa yake. "Anapumua vizuri kuliko nusu ya wodi yangu," akasema. Kisha akauliza swali ambalo mumewe alikuwa amelikwepa kwa siku tatu. "Ana mke?"

Alikuwa naye, na jengo zima lilimjua. Kwa miaka sita mwanamke huyo alifika getini kila Jumamosi na picha ya mumewe, na kila Jumamosi aliambiwa kwamba mwashi alitoroka na mwanamke mwingine.

Wakazi wakakutana kibarazani. Mwenyekiti wao, mwalimu wa hesabu, aliuliza kama nguzo inaweza kuvunjwa, na mkaguzi akasema ikivunjwa wote watashuka nayo. Wakatazama watoto wao wakicheza. Ikakubaliwa kwamba mke wa mwashi aruhusiwe kupanda kila Jumamosi, saa nne hadi saa tano, na asiburute kiti. Kuhusu kampuni, ikaonekana si vizuri kuanzisha maneno.

Jumamosi mke wa mwashi akaketi, akavaa hedifoni, akaweka kiganja kwenye nguzo.

"Kumbe ulikuwa hapa," akasema. "Miaka sita watu wananicheka. Nimekutukana mpaka nimeishiwa matusi, mume wangu, na wewe uko hapa hapa." Akalia bila kujificha. Mke wa mkaguzi alilia naye, akampa leso. Mkaguzi aliingia jikoni kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshaiva.

Jumamosi zikawa hivyo. Mke alimsomea mwashi ripoti za shule za watoto, wakabishana, mara nyingine wakacheka. Mlinzi wa getini, kwenye daftari la wageni, alimwandika kuwa anakwenda kwa mkazi wa ghorofa ya tatu.

Jumamosi ya tisa mwanamke alisikiliza, kichwa amekiegemeza kwenye nguzo. Kisha akaachia sikio moja.

"Anasema bega la kushoto limechoka," akasema. "Ghorofa zote zimemlalia hapo. Anauliza kama mkaguzi ameshafika. Wewe ulikuwa kwenye mambo hayo ya majengo, kaka. Humjui huyo mkaguzi?"

Mke wa mkaguzi alikuwa juu ya stuli, dirishani, akipigilia msumari wa pazia. Akasita, nyundo ikiwa hewani, akamtazama mumewe kusikia atakavyojibu.

Kipande cha plasta kikadondoka kutoka darini, kikatumbukia kwenye kikombe cha mkaguzi. Akakitoa kwa kijiko, akakiweka kwenye kisosi.

"Bado hajafika," akasema. "Mwambie aendelee kubeba kidogo."