Sensa Iliyogoma Kutoka

Mshona mapazia alipoambiwa kwamba gari lake lina ugonjwa wa sensa, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Sensa? Kwani humo ndani ya injini kuna watu wa kuhesabiwa?"

Fundi naye akacheka. Alikuwa kijana mwenye gereji changa, na kilichomvutia wateja wengi ni kikompyuta chake cha kusomea maradhi ya magari. Alimwonyesha mama yule maandishi kwenye kioo, kisha akamweleza kwa lugha nyepesi: kwenye bomba la moshi kuna kifaa kimefungwa, kazi yake ni kunusa moshi na kuiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. Kifaa kikifa, injini hunywa petroli kama mlevi anayenyweshwa bure.

"Kinafunguliwa tu, tunafunga kipya. Alasiri njoo uchukue gari."

"Alasiri kweli? Nina mapazia ya kupeleka hotelini. Usiniangushe, baba. Mjomba wako hajaniangusha hata siku moja."

Akaondoka zake na furushi la kitambaa kwapani, akimwacha fundi na neno lile limemkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui kutofautisha spana na praya. Gereji ya mzee ilikuwa mtaa huohuo, upande wa juu. Fundi alipohama kwenda kujitegemea, aliondoka kwa maneno makubwa mbele ya mafundi wenzake. Alisema hatapanda tena mtaa ule kuazima hata kipande cha waya. Mjomba alimjibu, "Mungu akujalie," akaendelea kufunga breki aliyokuwa akifunga.

Sasa fundi alilala chali chini ya gari akaitazama ile sensa. Ilikuwa imeshikana na bomba kwa kutu na joto la miaka mingi, utadhani vilizaliwa pamoja. Alijua dawa yake: soketi ndefu iliyopasuliwa ubavuni ili waya upite, inayoikumbatia nati ya sensa kona zote. Yeye hakuwa nayo. Mjomba alikuwa nayo, na kutoka pale hadi kwake hata jasho lisingekutoka.

Akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akautazama mtaa ule wa kupanda. Akayakumbuka maneno yake. Kisha akarudi, akachukua spana ya kawaida ya mdomo wazi.

Alipuliza mafuta ya kulegeza kutu, lakini hakuyapa muda wa kupenya. Alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta. Spana ikateleza, ngumi yake ikagonga chuma. Akatukana, akarudia. Mara ya pili alisikia kabisa kona za nati zikilika. Hapo mtu mwenye akili zake angeacha. Yeye akachukua praya ya kubana, akaitafuna ile nati mpaka ikawa duara kama kitumbua. Sasa haikuwa inazunguka, wala haikuwa inashikika.

Mshona mapazia alirudi alasiri, kama walivyokubaliana.

"Tayari?"

"Mama, kuna shida kidogo." Fundi alisikia ulimi wake ukitangulia, yeye akiufuata nyuma. "Nati hii niliikuta imeshalika. Aliyechomelea bomba lako mwaka jana ndiye aliyeigusa vibaya."

Mama yule akakunja uso. "Si mjomba wako huyo aliyelichomelea?"

"Mimi sijamtaja mtu," fundi akasema, akainama kuokota kitambaa ambacho hakuwa na haja nacho.

Mama yule aliita teksi, akapakia mapazia yake akinung'unika, na teksi ilipoondoka fundi aliona imeelekea upande wa juu.

Habari alizipata kesho yake, kwa simu ya mama yake mzazi.

"Umeyasikia ya mjomba wako? Yule mwanamke wa mapazia amekwenda kumfokea mbele za watu. Eti amemharibia gari."

"Mjomba akasemaje?" Fundi aliuliza. Alitamani aambiwe kwamba mzee alikuja juu, akamrudishia mama yule tusi kwa tusi. Kwenye ugomvi wa namna hiyo nani tena angekumbuka ulikoanzia?

"Aliuliza tu, 'Ni mimi kweli?' Kisha akakaa juu ya tairi. Mwanangu, kaka yangu macho yanamsumbua, alikuwa anatuficha. Sasa anasema kumbe na mikono nayo imemsaliti. Leo hakufungua gereji."

Fundi alikata simu akabaki ameishika. Chakula kililetwa, kikapoa mbele yake. Kila alipoinua macho aliliona gari lile limeegeshwa kwenye kona ya gereji, kama shahidi anayesubiri kuitwa. Alijiambia atakwenda jioni. Jioni ilipofika akajiambia mzee ataona haya kukutwa ameshinda nyumbani, afadhali amwache apumzike. Uongo mdogo ukizaa, huzaa mapacha.

Asubuhi iliyofuata hakuhitaji kwenda. Mjomba alikuja mwenyewe, amebeba sanduku lake la vyuma kwa mikono miwili, amevaa miwani mipya iliyomteremkia puani. Mshona mapazia alikuwa nyuma yake. Mzee alikuwa amempitia nyumbani kumwomba aje ashuhudie kazi ikimalizika.

"Nimekuja kusafisha uchafu wangu," mjomba alisema. "Nionyeshe."

"Mjomba, kaa kwanza. Nitafanya mimi."

"Nimekaa tangu juzi. Nionyeshe."

Alitandika gunia sakafuni, akapanga zana zake moja moja kama mtu anayepanga vyombo vya wageni. Alikuwa akizungumza peke yake, jinsi alivyozoea kufanya tangu zamani.

"Spana ya mdomo wazi, hapana. Hiyo inashika pande mbili tu. Kwa nati iliyogoma ni kama kumshika kambare kwa vidole viwili." Akaisogeza kando. Fundi akatazama ukutani. "Soketi iliyopasuliwa ingefaa kama kona zingekuwepo. Moto? Moto tunauweka akiba, bomba hili nimelichomelea, silitaki tena kwenye moto wa gesi. Haya. Kata waya. Sensa hii imeshakufa, waya wake hauna kazi. Tutachukua soketi nzima, ndogo kidogo kuliko nati, tuigonge kwa nyundo mpaka iume."

Waliwasha injini bomba lipate joto, wakaizima. Mafuta yakapulizwa, na safari hii wakayasubiri. Mshona mapazia alikaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, uso ameuelekeza barabarani.

Mjomba na mpwa wakaingia chini ya gari, bega kwa bega. Mjomba alipeleka kidole gumba kwenye nati, akaipapasa taratibu, kama mtu anayepapasa jino bovu.

"Hii niliila hasa," alinong'ona. "Wala sikumbuki. Ndicho kinachonitisha, mpwa wangu. Siyo kuharibu. Kutokumbuka."

Fundi aliitazama nati. Bomba zima lilikuwa jekundu kwa kutu, lakini pale praya ilipotafuna, chuma kiling'aa cheupe. Mtu yeyote mwenye macho mazima angejua jeraha lile lilikuwa la juzi. Mjomba alikuwa ameliwekea uso karibu kabisa, miwani inakaribia kugusa bomba, na hakuona.

Soketi ikagongwa, ikauma. Mjomba akashika mpini, akavuta kwa uzito wa mwili, bila papara. Nati ikalia kilio kirefu chembamba, ikazunguka. Sensa ikatoka nzima, nyeusi kama mkaa, na nyuzi za bomba zinazoshika sensa zikabaki salama.

"Basi," mjomba akasema, akihema. "Nimeitoa. Sanduku hili nakuachia. Zana ni za mtu anayejua alichokifanya jana."

Fundi alihisi gari lote limemlalia kifuani.

"Mjomba. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nati. Niliila mimi, juzi, kwa spana ya mdomo wazi na praya. Sikutaka kuja kuazima soketi kwako. Halafu nikamwambia mama ni aliyechomelea bomba. Pale panang'aa, mjomba. Kutu ya mwaka haing'ai. Hukuona tu."

Mjomba aliinua mikono yake mbele ya uso, akaigeuza huku na huku, na fundi akaona kitu kama nafuu kikipita usoni mwa mzee. Kisha nafuu ile ikaondoka.

"Nimelala na mikono hii kama imekufa," mjomba akasema polepole. "Mke wangu alinikatia nyama kwenye sahani, nikamwacha anikatie. Na wewe ulikuwa hapa, unajua."

"Nisamehe."

"Toka chini ya gari. Kamwambie uliyemwambia."

Akatoka, akasimama mbele ya mshona mapazia na grisi yake usoni, akasema yote. Mama yule akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimemfokea mtu mzima mbele ya wateja wake! Nikamwita kipofu!" Machozi yakamlengalenga. "Wewe kijana, umenifanya nini?"

Mjomba alikuwa akirudisha zana sandukuni. Fundi akanyoosha mikono kumbebea.

"Acha," mjomba akasema. Akalibeba mwenyewe, akapandisha mtaa, akisimama hapa na pale kubadilisha mkono.

Mshona mapazia hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kama alivyolieneza la kwanza, ndivyo alivyolieneza la pili, na mtaa mzima ukajua. Wateja wengine walianza kupita mlango wa fundi bila kugeuza shingo. Hakuwalaumu. Kilichomuuma zaidi ni wale waliobaki, waliomsifu kwa kazi nzuri. Kila sifa ilimshuka kooni kama dawa chungu.

Gereji ya mjomba ilifunguliwa tena. Fundi alikwenda huko asubuhi moja, wakati mafundi wote wako kazini, wale wale aliowatolea maneno makubwa. Alikiri kosa lake mbele yao. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa, akajifanya anatafuta bolti.

Mjomba alikuwa kwenye shimo la kutengenezea magari, juu yake kuna lori dogo. Hakugeuka.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaongeza, "Shuka. Shika hapa."

Fundi akashuka na nguo zake safi, akalishika bomba la moshi la lori kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Lilikuwa zito, na kutu ilimdondokea machoni. Mjomba akaendelea kufungua nati moja moja, kwa mwendo wake, bila kuuliza kama amechoka. Fundi naye hakuliachia.